Nani Anunue Tokeni ya Maktaba?

Mita ya stima ya maktaba ya mtaa wetu imefungwa nyuma ya mlango wa stoo, juu ya maboksi ya magazeti ya zamani. Yuniti zikikaribia kwisha huanza kulia, tii, tii, tii, na kwa vile ukumbi wa kusomea ni kimya, kila aliyemo huisikia. Wanafunzi wa kidato cha nne wameizoea. Hawainui hata vichwa. Mmoja baada ya mwingine huanza kusogeza viti upande wa madirisha, wakivibeba badala ya kuviburuta, ili taa zikizimika wawe wameshakaa penye mwanga.

Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba ililia nikiwa nawasomea watoto hadithi. Mkutubi wetu, mama wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Maktaba, alitoka ofisini akibonyeza simu. Alinunua tokeni ya shilingi 200 kwa M-Pesa yake, akaniomba nimsomee tarakimu kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mkono. Tarakimu 20, nne nne. Mimi nikisoma, yeye akibonyeza. Mita ikanyamaza. Nilipomuuliza kama pesa hizo atarudishiwa, alifungua droo akatoa daftari. Ndani yake mlikuwa na tarehe, kiasi na saini yake, mstari chini ya mstari, kurasa nne na ushei. Safu ya mwisho aliiandika "Imerudishwa". Ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini.

"Mwanangu," aliniambia, "nikingoja wao, hawa watafanya mtihani gizani."

Sitaitaja maktaba wala kaunti. Mama huyu bado yuko kazini, na wakubwa wake nao wana wakubwa wao. Ila nimekaa katika maktaba za umma za Kenya kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi asiye na meza nyumbani, na sasa nikiwa mzazi anayejitolea kusoma hadithi kila Jumamosi. Jambo moja naliona kila niendako. Watu wa kutoa vitabu wapo. Wa kujenga wapo, na wa kukata utepe hawakosi. Wa kulipia taa siku ya Jumanne, hakuna mgeni wala kamera, huyo ndiye tunayemkosa.

Kabla ya kuingia kwenye pesa, niseme kwanza pesa zenyewe zafanya kazi gani, maana wengi wanaopitisha bajeti ya maktaba hawajaingia maktaba tangu walipomaliza shule.

Mlango hufunguliwa saa mbili asubuhi. Wa kwanza kuingia ni wazee. Gazeti la siku ni moja, kwa hiyo hugawana kurasa: mmoja michezo, mmoja siasa, mmoja matangazo ya vifo, kisha wanabadilishana bila kuambizana, kila mtu akijua zamu yake. Baada yao huja vijana wenye bahasha za kaki. Hawa wanatafuta kompyuta, ya kujazia fomu ya HELB, bodi ya mikopo ya masomo, ya kuchagua kozi KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, au ya kufungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ajili ya cheti cha nidhamu. Kwenye saiba watatozwa kwa kila dakika, na mwenye saiba hana muda wa kumfundisha mtu. Nimemwona Mama Maktaba akikaa saa nzima na mama anayeuza mboga sokoni, akimwonyesha jinsi ya kuambatisha barua kwenye ombi la basari ya mwanawe. Yule mama alikuwa akigusa kipanya kana kwamba ni yai. Wiki ya pili alirudi peke yake, akakaa, akafungua barua pepe yake mwenyewe.

Tangu Mtaala wa Umilisi uingie, wazazi nao wamekuwa wasomaji. Mtoto anarudi nyumbani na kazi ya kutafuta picha za mimea mitano ya dawa, na mzazi hana printa wala intaneti. Anakuja maktaba jioni akiwa amevaa sare ya kazini, anauliza kwa sauti ya chini kama wanachapisha rangi.

Kisha yuko fundi mmoja wa kushona anayekuja siku za Alhamisi. Haazimi kitabu. Huomba kile kitabu kikubwa cha kukata nguo, ambacho jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, anakifungua penye mchoro wa kola, anatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne, futi yake ya shingoni na penseli, na kuanza kunakili. Akimaliza anahesabu vipande, anaandika jina la kila kipande kwa herufi kubwa, anakunja, anarudisha kitabu mezani na kuaga. Katika takwimu za maktaba fundi huyu hayumo. Hajaazima chochote.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuipima maktaba. Afisa mmoja alikuja kukagua, akafungua rejista ya kuazima, akasema vitabu vinavyotoka vimepungua, kwa hiyo haja ya maktaba imepungua. Aliyasema hayo akiwa amesimama, kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu. Wanafunzi huja na vitabu vyao na madaftari yao. Wanachokifuata ni meza, taa na ukimya. Mimi ninawaelewa. Nyumbani kwetu tulikuwa sita katika chumba kimoja, na redio ya baba ilikuwa haizimwi mpaka taarifa ya saa tatu usiku. Hesabu zote nilizozielewa nilizielewa maktabani, kwenye kona ya dirisha la tatu, na kitabu cha hesabu kilikuwa cha kwangu.

Vitabu navyo vinasomwa, tena vile vya Kiswahili ndivyo vinavyochakaa mbele ya vyote. Ukienda kwenye rafu ya 896.392, ambayo kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ni ya fasihi ya Kiswahili, utakuta migongo iliyoshonwa upya kwa uzi na mingine isiyo na jina tena. Nilichukua riwaya moja nikaifungua jalada. Karatasi ya tarehe ilikuwa imebandikwa juu ya nyingine, na chini yake nyingine tena. Nilipoinua ukingo kwa kucha niliona mihuri ya bluu ya miaka ya tisini, ile ya zamani ikiwa imefifia rangi ya chai. Kitabu kimoja, zaidi ya miaka 25, mikono sijui mingapi. Nakala ya pili haijawahi kununuliwa. Na rafu zinazofuata zimejaa vitabu vipya kabisa ambavyo havijapigwa muhuri hata mmoja, msaada kutoka ng'ambo: mwongozo wa kodi wa nchi nyingine, jinsi ya kutunza bustani wakati wa theluji. Aliyeleta alikuwa na nia njema, sina shaka. Ila hakuna aliyemuuliza Mama Maktaba anahitaji nini, na angeulizwa angesema nakala tatu za ile riwaya.

Kununua hapa nyumbani nako si rahisi. Sheria ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mwaka 2013 iliingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16. Ukiwa na shilingi 100,000 za vitabu, karibu 14,000 zinaondoka kwa kodi kabla hujafika kwenye rafu.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe.

Zamani maktaba zilikuwa kazi ya serikali kuu. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, KNLS, mwaka 1965, na shirika hilo likafungua matawi nchini mpaka yakapita 60. Katiba ya 2010 ikabadilisha mambo. Soma Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kifungu cha nne. Humo zimeorodheshwa kazi za kaunti kuhusu utamaduni na burudani za umma: kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema, maonyesho ya video, maktaba, makumbusho, michezo, bustani na fukwe. Maktaba imo katikati ya orodha hiyo. Nimeisoma mara nyingi na kila mara nawaza jambo lile lile. Baa hukatiwa leseni ikalipa, na fukwe na kumbi huingiza ada. Maktaba haiingizi, inaomba. Mtu wa hazina ya kaunti akiipitia orodha hiyo kwa jicho la mapato, anajua wa kumpigia simu ni nani na wa kumwacha ni nani. Ongeza na ule mvutano wa miaka mingi baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, kati ya taifa na kaunti, kuhusu nani alipe mishahara ya wakutubi na nani amiliki majengo, utaelewa kwa nini matawi mengi yalibaki kama mtoto wa ndoa iliyovunjika.

Halafu liko jambo ambalo sikulijua mpaka Mama Maktaba aliponieleza. Ukichapisha karatasi maktabani unalipa shilingi kumi. Nilidhani zile kumi kumi ndizo zinazonunua tokeni. Hapana. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria ya Bunge itakaporuhusu vingine. Kwa hiyo mkutubi anahesabu sarafu, anazipeleka benki, anatunza stakabadhi, kisha anatoa zake mfukoni kuwasha taa. Akizitumia zile za kuchapisha hata kwa balbu moja, amevunja sheria.

Hospitali za kaunti zilikuwa na shida hii hii. Pesa za wagonjwa zilikuwa zinakwenda makao makuu na wodi zinakosa glavu. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu hospitali za umma kubaki na wanachokikusanya na kukitumia papo hapo. Mimi sioni kwa nini maktaba isifunguliwe mlango huo huo. Pesa ni kidogo, haziwezi kuitikisa kaunti yoyote, lakini zingetosha taa na wino.

Kuna historia fupi inayonisaidia kulifikiria hili. Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, alitoa pesa zilizojenga maktaba 1,689 nchini humo. Kila mji ulioomba uliwekewa sharti: utoe kiwanja, na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Ukipewa dola 10,000 za kujenga, unatia saini kwamba kila mwaka utatoa dola 1,000 za wafanyakazi, vitabu na matengenezo. Ipo miji iliyokataa. Carnegie alikuwa na mengi ya kulaumiwa, waliofanya kazi katika viwanda vyake walijua zaidi, lakini hapo aliona mbali. Alijua jengo bila pesa ya mwaka kesho ni mzigo wa mtu mwingine.

Na pesa za jina hilo zilifika hadi kwetu. Jengo la McMillan pale Banda Street, Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, lilijengwa na Lady Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe aliyefariki mwaka 1925, na shirika la Carnegie la New York likachangia. Lilifunguliwa mwaka 1931. Lilipewa sheria yake peke yake, ya mwaka 1938, na mpaka karibu na uhuru Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo na kusoma. Kila nipandapo zile ngazi na kupita kwenye zile nguzo nyeupe huwa nawakumbuka waliofagia ukumbi ule na hawakuruhusiwa kukaa. Baada ya jiji kulichukua, wananchi waliingia, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yakawa ya watu wa Eastlands. Miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati matawi hayo mawili kwa makubaliano na kaunti. Nilichokipenda kwa kazi yao ni kwamba waliwaza na siku zinazofuata baada ya rangi kukauka: nani ataandaa vipindi vya watoto, nani atapanga kumbukumbu, jamii yenyewe inataka nini humo ndani.

Mfano mwingine niupendao ni maktaba ya ngamia. KNLS iliianzisha Garissa mwaka 1996, kuwafikia wafugaji wanaohama. Ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka, na hema likisimama chini ya mti watoto wa shule wanaketi. Picha zake zimezunguka dunia. Ngamia yumo katika kila picha. Mchungaji anayemwamsha alfajiri, anayemfunga masanduku ili uzito ulingane pande zote mbili, huyo na posho yake huwaoni. Siku posho ikikatika ngamia hatoki, na kijiji kitadhani maktaba imekufa.

Mwaka uliopita nilikwenda kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti. Nilijiandaa. Nilinakili kurasa zile za daftari, nikajumlisha. Ukumbini watu walidai barabara, basari, soko lenye paa, zahanati ifunguliwe usiku. Yote ni ya haki. Zamu yangu ilipofika nilipewa dakika mbili. Nilisema maktaba haiombi jengo. Inaomba stima, wino, na msaidizi mmoja wa jioni, ili mlango usifungwe saa kumi na moja wakati watoto wametoka shule saa kumi. Saa moja ya kusoma haitoshi hata kutuliza moyo. Mzee mmoja wa gazeti, yule wa kurasa za michezo, alisimama nyuma yangu bila kuombwa akasema, "Huyu anasema kweli." Watu wakapiga makofi. Nilitoka na matumaini makubwa.

Mpango ulipochapishwa nilitafuta neno maktaba. Lilikuwepo: "Ukarabati wa maktaba, lango na uzio." Na kweli lango limekuja, zuri, la chuma, limepakwa kijani, jina la kaunti limekatwa kwa herufi kubwa. Mita bado inalia.

Nilikasirika, kisha nikakaa na rafiki anayefanya kazi ya uhasibu akanifafanulia. Lango ni maendeleo. Tokeni ni matumizi ya kawaida. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti ziweke angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo, na sababu yake ni nzuri, kuzuia pesa zote zisiliwe na mishahara na safari. Lakini kitu kisichoweza kupigwa picha kikifunguliwa kinatupwa kwenye fungu la matumizi ya kawaida, fungu ambalo kila mtu anaagizwa kulipunguza. Kwa zahanati hilo limeanza kueleweka, kwamba muuguzi ndiye huduma yenyewe. Kwa maktaba tunadhani bado huduma ni ukuta. Mama Maktaba akistaafu kesho na nafasi yake isijazwe, kitakachobaki ni lango na vitabu vya theluji.

Kwa hiyo mwaka huu nimeanza mapema. Nimejifunza kalenda yao. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambamo kila idara hukatiwa kiwango chake, kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe, 30 Aprili. Ukienda kwenye kikao cha Mei na ombi jipya, umekwenda kwenye karamu sahani zimeshaoshwa. Na nimejifunza kuomba kwa lugha ya fungu: sijaandika "tunaomba msaada kwa maktaba", nimeandika stima kiasi fulani kwa mwezi, wino kiasi fulani, msaidizi wa saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, siku tano, muhula wa tatu kwanza. Nimeambatisha sahihi za wasomaji. Fundi ametia yake kwa herufi kubwa, kama anavyoandika kwenye vipande vyake vya kaki. Yule mama wa mboga ameituma ya kwake kwa barua pepe.

Barua niliipeleka mwenyewe mwishoni mwa Agosti, nakala mbili. Karani alibaki na moja, nyingine akaigonga muhuri wa kupokelewa, wa bluu, tarehe 26. Nilirudi nayo maktaba. Mama Maktaba aliisoma yote amesimama, miwani mpya puani, kisha akachukua gundi, akafungua lile daftari la tokeni na kuibandika ndani ya jalada, pale ambapo kwenye kitabu cha kuazima hukaa karatasi ya tarehe.